Kaka, Nyumba Ipo? Tuko Makambako

Ilikuwa mida ya saa mbili usiku, mwezi wa kumi, niko jikoni nakaanga mayai, meseji ikaingia kutoka namba nisiyoijua. "Kaka habari za jioni, ile nyumba ya Forest ipo? Tuko watano, tuko Makambako hapa tunakula."

Makambako! Yaani hawa watu wametoka Dar alfajiri, wamepita Moro, wamepanda Kitonga, Iringa wameiacha, Mafinga wameiacha, wamebakiza masaa kama matatu waingie Mbeya na wana watoto wadogo nyuma ya gari, na ndo kwanza wanaulizia pa kulala.

Nikajibu ipo. Nusu ya hela ikaingia kwenye simu kabla mayai hayajaiva, na usiku huo huo nikawafungulia geti, watoto wameshalala mabegani.

Kesho yake asubuhi nafungua Airbnb, ule mtandao wa kukodisha nyumba kwa wasafiri, nakuta ombi la Mholanzi. Anataka siku nne mwezi wa nane. Mwezi wa nane wa mwakani jamani. Ameuliza kama bafuni kuna maji ya moto, kutoka hapa mpaka Hifadhi ya Kitulo ni mwendo gani, na akaandika kabisa saa anayotegemea kufika.

Nyumba ile ile, vitanda vile vile.

## Swali la Jumapili

Nyumba yenyewe si yangu. Ni ya shangazi, yuko Dar, ina vyumba vitatu na ipo Forest Mpya hapa Mbeya, mimi ndo namtunzia. Kila Jumapili akitoka kanisani anapiga. Shikamoo shangazi, marahaba baba, hamjambo huko, baridi inasemaje, halafu linakuja: "Sasa baba, mwezi ujao umejaa?"

Bado, shangazi.

Kila Jumapili bado. Mwezi unaanza kalenda nyeupe pee, unaisha hela imeingia ya kueleweka, na Jumapili inayofuata tunaanza upya kana kwamba haikuwahi kutokea. Muelewe, shangazi amekuwa mwenye nyumba miaka mingi, na mwenye nyumba wa kibongo anajua kitu kimoja, kodi ya miezi sita inalipwa kabla mpangaji hajashusha hata godoro. Hela inatangulia, mtu anafuata. Sasa leo unamwambia tarehe ishirini na tano hujui nani atalala tarehe mbili, anaona kama unamchezea.

Siku moja akaniuliza, taratibu tu wala hajakasirika, "Hii ni biashara au ni bahati nasibu?"

Sikuwa na jibu. Likanikaa hilo swali, nalala nalo naamka nalo, mpaka nikaamua kutafuta mwenyewe hawa watu wanabuku lini hasa, na kwa nini.

## Kaunta buku

Nikachukua kaunta buku. Kila mgeni tarehe mbili, siku aliyonitafuta kwa mara ya kwanza na siku aliyolala. Natoa, napata siku za katikati. Pembeni naandika amekuja kufanya nini, hiyo niliongeza baadaye, maana niliona siku peke yake haziongei, safari ndo inaongea.

Wa kazini, hawa wa semina, ukaguzi, mafunzo, wale wanaotembea na posho, wananitafuta siku mbili au tatu kabla. Nilikuwa nawaona hawajipangi. Mpaka mmoja, mama mmoja mpole sana, akanieleza kwamba safari yao inajulikana tangu mwezi uliopita, kila mtu ofisini anajua wataenda Mbeya, ila kibali hakijasainiwa na hela haijatoka, na hakuna mwenye akili timamu atakayelipa nyumba kwa hela ya mfukoni akisubiri saini ya bosi. Kwa hiyo siku ya saini ndo siku ya kunitafuta mimi. Tarehe si yake.

Hiyo sentensi ikafungua mengine yote.

Wanaouguza, wanaoleta mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda kutoka Sumbawanga au Njombe au Vwawa, wananipigia siku ile ile, na kuondoka hawajui ni lini, wanaongeza siku moja moja. Wa msiba ni hivyo hivyo, hapo hata usiulize. Wenye mizigo ya Tunduma nao tarehe yao imeshikwa na foleni ya malori na makaratasi ya forodha, anakwambia nitarudi Mbeya Jumatano, Jumatano inakuwa Ijumaa, na wewe unakaa na shuka zako safi unasubiri.

Wa harusi walinishangaza kidogo. Kamati inakaa vikao miezi, kadi za mchango zinazunguka, ukumbi umelipiwa zamani, mpaka MC ameshapewa advansi, ila swali la wageni wa bwana harusi watalala wapi linakumbukwa wiki ya mwisho. Sijui kwa nini kila kamati iko hivyo. Nadhani kila mtu anadhani kuna ndugu atawachukua.

## Aibu ya kulala nje

Hapa kwa ndugu nikae kidogo.

Desemba watu wanapanda kuja nyumbani, wa Tukuyu, wa Kyela, wa Mbeya mjini wenyewe. Krismasi iko tarehe ile ile kila mwaka, hakuna wa kusaini wala forodha, tiketi za basi watu wanazigombania mapema kweli. Sasa mbona nyumba yangu wanaitafuta tarehe 23, tarehe 24, wengine 26?

Nilikuja kuelewa kupitia jamaa mmoja aliyekuja na mke na watoto wanne. Alifikia kwa mjomba wake, Soweto ya hapa Mbeya. Usiku wa kwanza wakalala sebuleni, wa pili wakaja ndugu wengine kutoka Dodoma, watu wakapangana mpaka koridoni, na mke akaanza kuongea kwa macho. Ndo akanitafuta. Nikamuuliza, sasa kaka si ungebuku tu kabla? Akacheka. "Nikamwambie mjomba nini? Kwamba nimelipia nyumba wakati yeye ana nyumba?"

Basi hiyo ndo hesabu yake. Kubuku wiki tatu kabla ni kumwambia mjomba hatutaki kwako. Kubuku tarehe 26 baada ya nyumba kujaa ni kumsaidia mjomba. Hela ni ile ile na nyumba ni ile ile, ila ya kwanza ni dharau na ya pili ni busara, kwa hiyo mtu mwenye adabu zake anasubiri mpaka nyumba ijae kweli ndo atoke.

Hakuna punguzo la mapema litakalomshinda mjomba. Nimeacha hata kujaribu.

## Wa mbali

Wanaobuku miezi kabla ni wale ambao tarehe zao zimeshagongwa misumari mahali pengine. Mzungu likizo yake imepitishwa kazini, tiketi ya ndege ameshanunua, na kama anataka Ruaha ile miezi ya kiangazi, Juni mpaka Oktoba, wanyama wanaposogea mtoni, kambi nazo anazikimbilia mapema. Baada ya hapo anajaza mapengo. Iringa usiku mbili, Mbeya usiku nne, Matema, halafu avuke kwenda Malawi. Mimi ni pengo tu kwenye karatasi yake, tunajazwa sote siku moja.

Wa kwetu wanaokaribia hapo ni wa Nane Nane. Tarehe 8 Agosti haihami, viwanja vya John Mwakangale havihami, wenye mabanda wanajua lazima waje. Mwaka 2022 na 2023 maonesho yalifanyika hapa kitaifa, na wenye lodge mpaka leo wanaisimulia ile miaka kwa sauti ya tofauti kabisa.

Kwa hiyo uzembe haumo humu, na sijui ustaarabu wa wazungu haumo. Mtu anabuku pale tarehe yake inapokuwa yake. Mpe Mnyakyusa tiketi ya ndege isiyorudishwa hela uone kama hatabuku miezi mitano kabla.

## Wastani unadanganya

Nikajua sasa nina jibu la shangazi. Nikajumlisha siku zote, nikagawanya, nikapata karibu mwezi. Nikafurahi. Nikaandaa na maneno, shangazi kwa wastani watu wanabuku mwezi mmoja kabla, kwa hiyo usijali.

Halafu nikaangalia tena. Mbona hakuna mgeni hata mmoja aliyebuku mwezi mmoja kabla?

Chukua watu kumi. Tisa wamebuku siku 2 kabla, mmoja amebuku siku 300 kabla. Jumla ni 318, wastani 31.8. Mwezi mzima! Wakati mgeni wa kawaida hapo ni wa siku mbili, na Mholanzi mmoja ndo kavuta kamba nzima upande wake. Bora uwapange mstari kuanzia wa siku chache mpaka wa nyingi, umuangalie aliyesimama katikati. Huyo ndo anakwambia ukweli.

Na kuna mtego mwingine ambao nilielekezwa na rafiki yangu, yeye ana nyumba Gangilonga, Iringa, na kabla ya hapo alikaa mapokezi ya hoteli miaka kadhaa. Aliniambia ukihesabu leo bukingi za Agosti ijayo utaona wote ni wa miezi kabla, utadhani watu wamebadilika. Hawajabadilika. Wa siku mbili hawajafika bado, wako huko hawajui hata kama watasafiri. Kule hotelini, anasema, hawakuwa wanauliza mwezi ujao umejaa au haujajaa, walikuwa wanauliza mwaka jana tarehe kama ya leo tulikuwa na vyumba vingapi vya mwezi ujao, na leo tuna vingapi.

Swali la shangazi lilikuwa halina ubaya. Lilikosa tu cha kulinganishia.

Aliniambia na la tatu, kwamba kalenda inakuonyesha wale uliowafungulia mlango. Kwenye Airbnb unaweza kukataa wa siku hiyo hiyo, ukataka taarifa siku moja kabla, mpaka siku saba. Upande wa mbele unaweza kufungua miezi mitatu tu, au mwaka, au miaka miwili. Ukifunga wa leo kwa leo utaandika kwenye daftari kwamba hakuna anayebuku leo kwa leo. Watu wa Makambako wangepita moja kwa moja na nisingejua kamwe kama walikuwepo.

## Gangilonga si peponi

Nilikuwa namuonea wivu huyu dada, nisifiche. Yeye wageni wake wengi ni wa Ruaha, ikifika Machi Agosti yake imeshika rangi. Nikamwambia wewe unalala usingizi.

Akaguna.

"Nalala nini. Agosti yangu nimeiuza kwa bei ya Machi."

Kumbe ndo hivyo, aliyebuku mapema kaifunga bei, umeme ukipanda, gesi ikipanda, mfanyakazi akitaka kuongezewa, yeye bei yake ni ile. Halafu aliyebuku mapema ana muda, na mwenye muda ana muda wa kughairi. Hoteli zinalijua hili siku nyingi, kadri bukingi inavyokuwa ya mbali ndivyo uwezekano wa kufutwa unavyoongezeka. Anaugua, anaachana na mchumba, anaona nyumba nyingine nzuri zaidi, anafuta. Mwaka 2020 ndo ilikuwa funzo la kila mtu, corona ilipoingia Airbnb ilitangaza kwamba waliobuku kabla ya katikati ya Machi wanaweza kufuta na kurudishiwa hela yote, na baadaye ikatenga dola milioni 250 kuwafidia wenye nyumba sehemu ya walichopoteza. Waliopigwa zaidi ni waliokuwa wamejaza kalenda. Asiyekuwa na bukingi hakuwa na cha kufutiwa.

Wa kwangu wa siku mbili, ukimwangalia, haghairi. Ataghairi saa ngapi?

Tena yule Mholanzi wangu mwenyewe. Nilimkubalia Agosti yake, tukaendelea kuchat, nikaona kumbe anakuja kwa ajili ya maua ya Kitulo. Nikamwambia ukweli, ndugu yangu Agosti kule ni baridi na nyasi kavu, maua ni kama Desemba mpaka Aprili. Baada ya siku kadhaa akaomba kuhamisha tarehe, anakuja Februari. Nikakubali. Siku nne zangu za Agosti zikarudi nyeupe, na za Februari zikapata rangi, mwezi wa mvua ambao huwa sitegemei kitu.

## Nani analipia kusubiri

Hapa ndo nilipokwama muda mrefu zaidi, na sidhani kama nimetoka.

Nyumba ikikaa wazi kumsubiri mtu ambaye bado hajasainiwa kibali, kuna mtu analipia hayo masiku. Ni shangazi. Mgeni anabaki na uhuru wake wa kuja au kutokuja, na bei ya huo uhuru inalala kwenye vitanda vyetu vitupu. Anayebuku mapema anafanya kinyume, anatupa uhuru wake sisi tupate usingizi, ndo maana anategemea apunguziwe.

Wengi wanaofundisha hii biashara mtandaoni wanasema ikibaki siku chache shusha bei. Nimejaribu, sioni. Mtu aliyeko Makambako saa mbili usiku na watoto wamelala hatafuti punguzo, anatafuta neno "ipo" na mtu atakayeshika simu. Na ile Jumanne ya Machi, mvua inanyesha, hakuna semina wala harusi, hata niweke bure nani atapanda basi aje Mbeya kulala? Punguzo linamhamisha mgeni kutoka nyumba ya jirani kuja kwangu, safari yenyewe haliitengenezi.

Kilichosaidia ni advansi. Zamani mtu akisema "nishikie kaka, nakuja Alhamisi" namshikia kwa mdomo, nakataa wengine, Alhamisi simu haipatikani. Sasa hivi nusu kwanza, ndo kalenda inafungwa. Mwanzoni nilidhani nimefukuza wateja, wale wa "poa nitakucheki" walipotea wote. Baadaye nikaona waliopotea ni walewale ambao hata zamani hawakuwa wanafika. Wa msiba na wa mgonjwa siwaambii habari ya advansi, hapo natumia moyo tu, na shangazi hili anajua na amenyamaza.

Kitu kingine kimebadilika bila mimi kufanya lolote. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023, mtu anaweza kuamua saa kumi jioni yuko Mbezi Dar, asubuhi yuko stendi ya Nanenane anauliza bajaji ya Forest. Usiku mzima wa kufikiria umefutwa. Sioni hizi siku mbili zikirefuka, naona zinazidi kufupika.

## Barua

Nilimpigia picha shangazi kurasa za daftari nikamtumia WhatsApp. Nikamueleza tutalinganisha Novemba na Novemba, Desemba na Desemba. Akaelewa haraka kuliko nilivyotegemea, akauliza maswali makali, tukakubaliana Agosti na Desemba zifunguliwe mwaka mzima mbele kwa bei ya juu, na leo kwa leo iruhusiwe mpaka saa tatu usiku.

Halafu wiki iliyopita akaja mtu wa benki. Anahamishiwa Mbeya, ameiona nyumba, ameipenda, anataka kuanzia Januari, kodi ya miezi sita taslimu. Shangazi aliposikia "miezi sita" sauti yake ikawa changa.

"Shangazi, Februari kuna yule Mholanzi."

"Amelipa?"

Amelipa, ila hela iko kwa Airbnb, sisi tunaipata kama siku moja baada ya yeye kuingia. Na tukimfuta sisi, ikiwa imebaki zaidi ya siku 30, tunakatwa asilimia 10 ya bukingi, isipungue dola 50, na zile tarehe zinaweza kufungwa. Shangazi akapiga hesabu palepale, akasema dola 50 kwa kodi ya miezi sita ni hela gani. Nikamwambia huyu mtu kahamisha safari nzima kwa sababu ya maneno yangu mimi. Akanyamaza, akasema tumuulize mtu wa benki kama anaweza kuanza Machi.

Nikamuuliza. Amesema Machi kwake haina shida, hata Januari yenyewe aliikadiria tu, maana barua ya uhamisho bado haijasainiwa.